Kukishika Kisichoshikika: Fizikia Iliyomo katika Meza ya Seremala

Mwanafunzi anayeanza somo la useremala hufundishwa kwanza kunoa kisu cha randa, kukitega ili kitokeze kiasi cha unene wa unywele tu, kisha kuisukuma zana hiyo kwa mikono miwili juu ya ubao. Ubao wenyewe hauzungumziwi sana. Huwekwa juu ya meza, ukabanwa katika jiliwa, na kazi ikaanza. Maadamu ubao huo ni mnyofu na pande zake ni sambamba, mambo huenda vema. Taabu huanza siku mwanafunzi anapokabidhiwa mguu wa kiti uliochongoka upande mmoja, mpini wa jembe, au taruma la mashua lililopinda kama upinde. Jiliwa hukazwa, na mti huteleza. Hukazwa tena, na mti hubonyea na kupata alama za taya za chuma. Hukazwa mara ya tatu, na mti huchomoka ghafula huku mkono ukiufuata na kujigonga kwenye pembe ya meza. Kipande cha mninga, mti uliochukua miaka mingi kukua msituni, huishia jikoni kuwa kuni, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba useremala ni kazi ya wenye misuli.

Imani hiyo ina kosa la fizikia ndani yake. Kukishika kitu maana yake ni kukizuia kisiende kule kani inakokisukuma. Vizuizi vikiwekwa mahali pake, kani inayohitajika kwa kubana huwa ndogo, na pengine haihitajiki kabisa. Katika karakana nyingi za shule majiliwa ni machache kuliko wanafunzi, kwa hiyo jambo hili lina manufaa makubwa kuliko ya nadharia tupu: mwalimu anayelielewa aweza kuwapatia wanafunzi wote kazi ya kufanya kwa kutumia vipande vya mbao, kabari na misumari michache.

MIENDO SITA

Kitu chochote kigumu kilicho huru kina miendo sita tu. Chaweza kuhama kwenda mbele au nyuma, kushoto au kulia, juu au chini. Hiyo ni miendo mitatu. Chaweza pia kuzunguka kwa namna tatu: kubiringika kama gogo, kuinamisha kichwa na kuinua mkia kama mtumbwi unaopanda wimbi, na kuzunguka palepale kama jiwe la juu la kusagia nafaka. Hakuna mwendo mwingine ambao si mchanganyiko wa hiyo sita.

Kutokana na hesabu hiyo wahandisi wa mitambo wamepata kanuni nyepesi. Weka kitu juu ya vituo vitatu chini yake, kiegemeze kwenye vituo viwili ubavuni, na kikomeshe kwa kituo kimoja kichwani. Vituo hivyo ni sita, nayo miendo yote sita imekwisha kuzuiwa, mradi iwepo kani ndogo ya kukituliza kitu kisiondoke kwenye vituo vyake. Kituo cha saba hakiongezi uthabiti. Aghalabu hushindana na vile sita vya kwanza na kukipinda kitu chenyewe.

Seremala anaposukuma randa, yeye mwenyewe ndiye anayetoa sehemu kubwa ya kani hiyo ya kutuliza. Mikono yake hukandamiza chini na kusukuma mbele kwa wakati mmoja. Basi mti hausukumwi pande zote. Husukumwa chini, ambako meza ipo, na mbele, ambako hapana budi kuwe na kizuizi. Swali la kwanza la kujiuliza mbele ya umbo lolote gumu ni hili: kani itatoka wapi, na itaelekea wapi?

MAFIGA MATATU NA UBAO ULIOPINDIKA

Kila mpishi wa kijijini ajua kwamba chungu kikaacho juu ya mafiga matatu hakiyumbi, hata kama sakafu si sawa. Figa la nne likiongezwa, chungu huanza kuchagua matatu ya kukalia na kuliacha moja. Jiometria ya jambo hilo ni kwamba nukta tatu zisizo katika mstari mmoja daima huwa katika bapa moja, ilhali nukta nne si lazima ziwe hivyo.

Ubao uliokauka vibaya hupindika, pembe mbili zinazotazamana kimshazari zikainuka na nyingine mbili zikashuka. Ukilazwa mezani hukalia pembe mbili na kuyumba. Mwanafunzi asiye na subira huukandamiza kwa klampu mpaka ulale, kisha huupiga randa hadi uwe bapa kabisa. Anapofungua klampu, ubao hurudi kwenye mpindiko wake wa awali, kwa kuwa mti ni kitu chenye unyumbufu kama springi. Uso ulioonekana bapa ulikuwa bapa kwa sababu ya kubanwa tu, na kazi yote imepotea.

Fundi mwenye maarifa hufanya kinyume. Huuacha ubao ukae utakavyo, kisha huingiza kabari nyembamba chini ya kila pembe iliyoinuka mpaka iguse tu, bila kuinyanyua. Sasa ubao umepata vituo vya kuukalia bila kulazimishwa, nao hauyumbi randa inapopita. Uso wa juu ukiisha kuwa bapa, ubao hugeuzwa na kulalia uso huo uliokamilika, na upande wa pili hurandwa kwa urahisi. Hapa yaonekana wazi kwamba kubana kupita kiasi si ukosefu wa adabu ya kazi tu. Huleta jibu lisilo sahihi.

KIZUIZI CHA MBELE

Kizuizi chepesi kuliko vyote ni kigingi kilichochomekwa mezani, au kipande cha ubao kilichopigiliwa kwa kukingama mbele ya kazi. Sharti kiwe kifupi kuliko unene wa mti unaorandwa, ili kisu cha randa kisikigonge. Mfaransa André Jacob Roubo, ambaye kitabu chake kikubwa cha useremala kilianza kutoka mwaka 1769, alichora meza iliyotegemea zaidi kigingi cha mbele, ndoano ya mti ubavuni na vyuma vya kubania vinavyochomekwa katika matundu. Samani nyingi nzuri za karne hiyo zilitengenezwa juu ya meza za namna hiyo.

Mafundi wa Japani huthibitisha kanuni ileile kutoka upande wa pili. Wao kwa desturi huivuta randa kuelekea mwilini badala ya kuisukuma, na kwa sababu hiyo kizuizi chao hukaa upande wa karibu na fundi. Mahali pa kizuizi huamuliwa na mwelekeo wa kani.

Kizuizi cha mbele kina sifa nyingine ambayo jiliwa halina: huachia papo hapo. Mti wenye umbo gumu huhitaji kugeuzwa mara nyingi, kama itakavyoonekana hapa chini, na kila ugeuzaji unaohitaji kufungua na kukaza parafujo humpotezea mwanafunzi muda na kumshawishi arande upande usiofaa.

MSUGUANO NA KABARI

Taya za jiliwa hushika kwa msuguano. Kani kubwa kabisa ya msuguano ni sawa na kani ya mbano ikizidishwa kwa namba iitwayo kizigeu cha msuguano. Kwa mti mkavu juu ya mti mkavu, namba hiyo huwa baina ya 0.25 na 0.5 kwa kadiri. Na tuchukue 0.3. Taya zikibana kwa niutoni 1,000, kila upande hutoa niutoni 300, na pande mbili pamoja hutoa 600. Kiasi hicho chatosha kabisa kwa kazi ya kawaida ya randa. Ni muhimu kukumbuka kwamba upana wa taya hauongezi msuguano huo. Taya pana hufaa kwa sababu nyingine mbili: hutawanya mbano ili mti usibonyee, na huuzuia mti usizunguke.

Hilo la kuzunguka ndilo kiini cha tatizo la mguu wa kiti uliochongoka. Na tuseme mguu una urefu wa sentimita 60, na unene wake wapungua kutoka milimita 60 hadi 30. Pembe kati ya pande zake mbili ni digrii 3 tu, kiasi ambacho jicho halikioni kwa urahisi. Hata hivyo taya sambamba za jiliwa haziwezi kuulalia. Huugusa kwenye mstari mmoja tu, upande ulio mnene, na mti wote huwa huru kuzunguka juu ya mstari huo kama mlango juu ya bawaba. Kukaza zaidi hakusaidii, kwa kuwa mwendo ulioachwa huru ni wa kuzunguka, na mbano uliopo hauupingi.

Dawa ya tatizo hili aghalabu imelala sakafuni. Mguu ulipokatwa kwa msumeno kutoka katika mti wa mraba, kilidondoka kipande kirefu chembamba mfano wa kabari. Pembe ya kipande hicho ni ileile ya mguu, kwa kuwa vyote vilitengana katika mkato mmoja. Kikirudishwa mahali pake kati ya mguu na taya la jiliwa, pande za nje huwa sambamba tena na mbano huenea sawasawa. Kwa maneno mengine, ugumu wa kulishika umbo ni kipande kilichoondolewa, na fundi mwangalifu hakitupi kipande hicho mpaka kazi ikamilike.

Pembe ikiwa kubwa, hatari nyingine hujitokeza. Mbegu ya tikiti iliyolowa, ikibanwa kwa vidole viwili, huruka. Hali kadhalika mti wenye umbo la kabari hurushwa nje na taya endapo pembe yake itazidi kikomo fulani. Kikomo hicho hutokana na msuguano. Pembe ambayo tanjenti yake ni 0.3 ni digrii 17 hivi, na nadharia huonyesha kwamba kabari hujishika yenyewe mradi pembe yake isizidi mara mbili ya hiyo, yaani digrii 33 hivi. Vumbi, mafuta na mtikisiko hupunguza kiasi hicho, na ndiyo sababu mafundi huchonga kabari za kubania kwa mwinamo wa 1 kwa 6 au 1 kwa 8, yaani digrii 9 au 7 hivi, wakawa salama kabisa.

Kabari ya namna hiyo yaweza kuchukua nafasi ya jiliwa. Kata tundu la umbo la V katika kipande kinene cha mbao ngumu, kipigilie mezani, kisha usimamishe ubao ndani ya tundu hilo kwa ukingo wake, na uujaze mwanya uliobaki kwa kabari. Kila msukumo wa randa huuingiza ubao na kabari ndani zaidi, hivyo mshiko hukua sambamba na kani ya kazi. Kuachia ni kugonga kabari mara moja kutoka upande wa pili.

VITU VYA MVIRINGO

Mpini wa jembe, kasia na mlingoti huanza kama miti ya mraba, kisha hupunguzwa pembe zake kwa randa. Kwa maumbo hayo kifaa bora ni kihori: vipande viwili virefu vya mbao ambavyo ukingo mmoja wa kila kimoja umepunguzwa kwa digrii 45, vikaunganishwa ili mfereji kati yao uwe na pembemraba. Kichwani pa mfereji huo hupigiliwa kizuizi.

Kihori hushika kuliko meza tupu. Mti ukilala mezani, uzito wake na mkandamizo wa mikono huelekea uso mmoja. Ukilala kihorini, kani hiyohiyo hugawanyika kwa nyuso mbili zilizoinama, na kila uso hupokea 0.71 ya kani nzima. Jumla yake ni 1.41, na msuguano wa kuzuia mti usiteleze kwenda mbele huongezeka kwa asilimia 41 bila gharama yoyote.

Mpangilio wa kazi wenyewe una uzuri wake. Mti wa mraba hukaa kihorini pembe moja ikitazama juu, tayari kurandwa. Kila uso wa mraba hugawanywa kwa mistari miwili katika uwiano wa 7, 10 na 7; ikiwa uso una upana wa milimita 48, mistari huchorwa milimita 14 kutoka kila ukingo, na katikati hubaki 20. Pembe zikirandwa hadi mistari hiyo, hupatikana umbo la pande nane zinazokaribia kabisa kuwa sawa. Hesabu kamili ingetoa milimita 14.06, tofauti ambayo penseli ya seremala haiwezi kuionyesha. Mti wa pande nane ukirudishwa kihorini hulalia pande zake mbili, na upande wa tatu huwa juu, mlalo kabisa. Hali ni hiyohiyo ukifikia pande 16. Katika kila hatua umbo hujipatia kikao chake, na mviringo hukamilishwa mwishoni kwa maranda membamba machache tu.

VITU VILIVYOPINDA

Taruma la mashua au mguu wa nyuma wa kiti huongeza tatizo la momenti. Na tuseme mti uliopinda umebanwa jiliwani upande mmoja, na fundi anaukandamiza kwa niutoni 50 mahali palipo sentimita 60 kutoka kwenye taya. Momenti ya kuuzungusha ni niutoni-mita 30, na jiliwa lote linapigana na wenzo huo mrefu. Pamoja na hayo, ncha iliyo hewani hunepa randa inapopita na kurejea juu inapopunguziwa uzito, na uso hubaki na mawimbi madogo kama mchanga wa pwani maji yakupwapo. Kipande cha mbao kikiwekwa chini ya mahali panaporandwa, umbali hadi kwenye tegemeo huwa sifuri, na momenti huwa sifuri pia.

Hapa tena kipande kilichokatwa hufaa. Mti uliopinda ulipotoka msumenoni uliacha mwenziwe mwenye mbonyeo unaolingana na mgongo wake. Mwenziwe huyo akilazwa mezani huwa tandiko kamili la kuulalia.

Tena hapana budi kukumbuka nyuzi za mti. Kwenye mgongo uliotuna, randa yapaswa kushuka kutoka kileleni kwenda kila upande. Ikipandishwa, kisu huingia chini ya nyuzi na kuzing'oa. Kwa sababu hiyo mti uliopinda hugeuzwa kila mara, na mshiko unaoachia upesi hufaa kuliko mshiko wenye nguvu nyingi.

Kwa kazi hizo mafundi wa zamani walitumia chuma cha kubania chenye umbo la bakora. Mguu wake huchomekwa katika tundu la meza lililo pana kidogo kuliko chuma, mkono wake hulalia mti, na hugongwa mara moja kwa nyundo. Hukaa imara bila parafujo yoyote. Siri yake ni ileile ya mtoto wa meza anayevutwa kwa pembe moja akakwama: chuma huinama ndani ya tundu, kikagusa juu upande mmoja na chini upande wa pili, na mguso huo huzaa msuguano. Hesabu huonyesha kwamba hakitateleza endapo urefu wa mkono hautapungua kuliko unene wa meza ukigawanywa kwa mara mbili ya kizigeu cha msuguano. Kwa meza ya sentimita 8 na kizigeu cha 0.3, mkono uwe na sentimita 14 au zaidi. La kustaajabisha ni kwamba ukubwa wa kani haumo katika hesabu hiyo. Ikiwa umbo ni sahihi, chuma hushika kani ndogo na kubwa vilevile. Kukifungua ni kugonga mgongo wa mguu wake. Mhunzi yeyote wa mtaani aweza kukifua.

MAJARIBIO KWA WANAFUNZI

Kwanza, pimeni kizigeu cha msuguano. Laza kipande cha mninga juu ya ubao, inua mwisho mmoja wa ubao polepole, na usimame kipande kinapoanza kuteleza. Gawanya kimo kwa umbali wa mlalo. Kimo cha sentimita 30 kwa mlalo wa sentimita 100 hutoa 0.3. Rudieni kwa kubandika kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kisha kwa kunyunyiza vumbi la msumeno, na mlinganishe majibu. Mtagundua ni kitu gani kifaacho kuwekwa kwenye taya za jiliwa, na kwa nini meza sharti ifagiliwe.

Pili, chongeni kabari tatu zenye pembe za digrii 8, 20 na 45. Zibaneni moja moja kati ya vipande viwili vya mbao, na mwone ipi hukaa na ipi huruka. Linganisheni na kiasi mlichokipata katika jaribio la kwanza.

Tatu, chukueni mti wowote wenye umbo gumu uliomo karakanani na mwandike ile miendo sita. Kwa kila mwendo andikeni ni kitu gani kinachouzuia. Mahali palipobaki wazi katika orodha ndipo mti utakapotorokea.

Mwalimu ataona kwamba somo moja limeunganisha karakana na chumba cha fizikia, ambavyo katika shule nyingi hutenganishwa kana kwamba ni nchi mbili. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza kani inaelekea wapi hatamaliza nguvu zake kwenye mkono wa jiliwa. Atakiokota kipande kilichodondoka chini ya meza, atakirudisha mahali kilipotoka, na ataanza kazi.